Siku ya ski Grindelwald, safari hii na mama kutoka Marangu

Ukiishi Uswisi na una mtoto shuleni basi ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao mbili miguuni, itakufikia tu, utake usitake. Shule nyingi huku zina wiki ya kambi ya theluji, wanaiita Skilager, darasa zima linapanda mlimani na walimu wao, na likizo ya Februari wengi wanaiita likizo ya michezo kabisa. Sisi aliyetuingiza ni kijana wetu, alienda na darasa lake akarudi uso umeiva kwa jua na hataki kuongelea kitu kingine, basi tangu hapo kila baridi ikija lazima twende, mi nikajifunzia ukubwani, mke wangu naye akajifunza tena haraka kuliko mimi, na sasa ikawa zamu ya binti yetu mdogo. Ila safari ya Februari hii ilikuwa na uzito wake kwa sababu mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Mama ameishi Marangu maisha yake yote, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, anaiona asubuhi akitoka nje kabla mawingu hayajafunika, lakini kuigusa hajawahi kuigusa.

Tulitoka Bern bado giza. Mama kavaa koti la mke wangu juu, sweta mbili ndani na kitenge kajifunga kiunoni juu ya suruali ya theluji, na tulipofika Thun wakapanda marafiki zetu wa Mombasa, mke na mume na mtoto wao, wamebeba chupa ya chai ya maziwa ya tangawizi na chapati zimefungwa kwenye foili bado za moto. Rafiki yangu wa Bukavu, tunafanya naye kazi, alikuwa tayari yuko na sisi tangu Bern, kimya kabisa, maana alikuwa ameahidi kwamba mwaka huu lazima ajifunze. Watoto wakapita kwa mama mmoja mmoja, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, mmekula? Hapo ndo chapati zikaanza kuisha.

Treni inapita kando ya ziwa la Thun hadi Interlaken Ost, pale unashuka unahamia treni ndogo ya mlimani, na kuwa makini na behewa unaloingia kwa sababu treni inakatwa vipande viwili pale Zweilütschinen, nusu inaenda Lauterbrunnen nusu inaenda Grindelwald, kijiji tulichokuwa tunaenda sisi. Wageni wengi wanakaa nusu isiyo yao wanajikuta bonde jingine. Sisi tulishuka Grindelwald Terminal, stesheni mpya iliyofunguliwa mwisho wa 2019, hapo hapo kuna maduka, kuna kukodi vifaa na kuna zile kebo za kukupandisha juu.

Niwaambie ukweli kuhusu hela, ski ni ghali. Tiketi ya siku ya mtu mzima maeneo haya ni zaidi ya faranga 70, na hapo hujala wala hujakodi kitu. Sisi tunajibana hivi, ski za watoto tunakodi msimu mzima, maana mtoto anakua, ukinunua mwakani haziingii, nguo tunanunua za mtumba au tunaazimana, na chakula kingi tunabeba kutoka nyumbani. Ndo maana familia nyingi za kwetu huku zinasema hayo ni mambo ya Wazungu zinabaki nyumbani, nawaelewa, lakini naumia kidogo kwa ajili ya watoto kwa sababu Jumatatu wenzao shuleni wanasimuliana milima na wao hawana la kusema, na hii ndo nchi waliyozaliwa.

Rafiki wa Bukavu alikodi pale dukani. Kijana wa dukani anakuuliza uzito, urefu, umri na kama unajua au hujui, halafu anachukua bisibisi anakaza kale kakifaa kanakoshika buti kwenye ski, kana namba zake. Kikikazwa sana ukianguka ski haitoki na goti ndo linaumia, kikilegezwa sana inakutoka katikati ya mteremko bila sababu. Kwa hiyo uzito wako useme ule wa kweli, hata kama foleni nzima inasikia. Buti zenyewe ni ngumu, plastiki tupu, kifundo cha mguu hakikunjiki hata kidogo, unatembea umeinama mbele, na rafiki yangu akasimama akajiangalia akasema, "Mi niko naogopa, lakini ntaenda tu."

Tukagawanyika. Wanaojua, yaani mke wangu, kijana na yule baba wa Mombasa na mtoto wake, wakapanda juu moja kwa moja. Sisi wengine tukachukua basi hadi Bodmi, uwanja wa wanaoanza, uko upande wa jua juu ya kijiji. Pale hakuna lifti ya kutisha, kuna mkanda kama mkeka unaotembea, unasimama juu yake na ski zako unapandishwa taratibu, na watoto wa miaka mitatu minne wamejaa, helmeti kubwa kuliko mabega, hawana hata zile fimbo za mkononi, wanashuka tu. Mama alikaa kwenye benchi akawaangalia muda mrefu sana. "Baba, hawa mama zao wako wapi?" Nikamwambia wapo pale wanakunywa kahawa. Akatikisa kichwa, kisha akaanza kuwapigia makofi, kila mmoja akifika chini mama anapiga makofi, baada ya muda wale watoto wakawa wanamwangalia yeye kwanza kabla ya mwalimu.

Somo la kwanza la ski ni breki, na mi naona hicho ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye mchezo huu, hawakufundishi kwenda, kwenda kunajiendea kwenyewe, wanakufundisha kusimama. Mwalimu anawaambia watoto "pizza", maana yake ncha za ski zikaribiane mbele na mikia ifunguke nyuma, umbo la kipande cha pizza, ndo unapunguza mwendo, na ukitaka kwenda unaambiwa "pommes", ski zote mbili sambamba, chipsi. Binti alishika haraka. Kilichomsumbua ni kuangalia miguu, ukiangalia miguu unaanguka, unatakiwa uangalie kule unakokwenda, na mwalimu, dada mmoja mpole kweli, akawa anarudi kinyumenyume mbele yake amemnyooshea mikono, anamwambia niangalie mimi, niangalie mimi, hadi mtoto akafika chini bila kugundua kwamba mikono ilishaondolewa zamani. Akasimama mwenyewe kwa pizza yake. Akageuka kutafuta bibi yuko wapi. Mimi nililia, na yule mama wa Mombasa alikuwa analia tayari kabla yangu.

Rafiki wa Bukavu naye alianguka akaamka, akaanguka akaamka, mtu mzima kati ya watoto, na hakukata tamaa, mwisho wa somo alikuwa anashuka ule mteremko mdogo wote na kugeuka kushoto na kulia, jasho linamtiririka kwenye baridi.

Mchana tukarudi Terminal tukapanda Eiger Express. Hiyo kebo ilifunguliwa Desemba 2020, vyumba 44, kila kimoja viti 26, dakika 15 unatoka bondeni unafika Eigergletscher, mita 2,320. Inakupeleka moja kwa moja kuelekea ukuta wa kaskazini wa Eiger, mlima wenyewe ni mita 3,967, na ule ukuta ni mwamba mweusi na barafu umesimama wima hadi shingo inauma. Watu wengi walifia pale kabla haujapandwa mara ya kwanza, mwaka 1938, na Wajerumani wawili na Waaustria wawili. Na ndani ya mwamba huo huo imechimbwa njia ya treni ya kwenda Jungfraujoch, mita 3,454, wakaifungua 1912. Huko hatukumpeleka mama, presha yake hatukutaka kuijaribu na tiketi yake inatisha. Kwenye kebo mama alishika mkono wangu akaanza kuimba taratibu wimbo wa kanisani, Kichaga, na wale Wakorea tuliokaa nao wakanyamaza kumsikiliza.

Juu kuna jua kali na baridi kavu. Mama alitoka nje, akasogea pembeni penye theluji isiyokanyagwa, akavua glovu, akachota. Akaminya. Haikushikana. Akaminya tena, ikamwagika kati ya vidole, akasema kumbe ni kavu kama unga wa sembe, mi nilijua ina maji. Nikamweleza baridi ikiwa kali theluji haishikani, ile ya kufinyanga ni ya siku za joto joto. Akaweka kidogo kwenye ulimi. Halafu akasimama pale akiangalia milima, Eiger, Mönch, Jungfrau, akaniambia kitu ambacho nilishawahi kumsikia bibi yangu akikisema, kwamba yeye akiwa msichana weupe wa Kibo ulikuwa unashuka chini sana, siku hizi umebaki kilemba kidogo. Na ni kweli kabisa, barafu ya Kilimanjaro imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, mwaka ule ule walipofungua treni ile. Nikamwambia huku pia, Uswisi imepoteza asilimia 10 ya barafu yake ya milimani kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023. Akauliza, "Sasa hawa wajukuu wataona nini?" Sikuwa na jibu la kumpa mama yangu.

Kutoka pale kuna treni inashuka kituo kimoja hadi Kleine Scheidegg, mita 2,061, ndo tukakutana wote kwa chakula. Tukaagiza rösti, viazi vilivyokwaruzwa vikakaangwa hadi vikawa vya dhahabu, yai juu, na watoto wakachukua Älplermagronen, makaroni na viazi na jibini na krimu, pembeni wanakuwekea tufaha zilizosagwa. Mama alikula zile tufaha kwanza, makaroni akawaachia wajukuu. Kijana akawa anatuonyesha Lauberhorn, kilima kile pale juu, kila Januari wanashindana kutokea hapo hadi Wengen, tangu 1930, karibu kilomita nne na nusu, na Mfaransa Johan Clarey mwaka 2013 alipimwa kilomita 161.9 kwa saa akiwa juu ya ski! Anaijua hiyo namba kama tarehe ya kuzaliwa.

Basi baba wa Mombasa akasema subiri nikwambie za kwetu. Akamhadithia habari za Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyejifunza ski za masafa akaenda Olimpiki ya Nagano 1998, mbio za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa mwenyewe Bjørn Dæhlie wa Norway akakataa kuondoka, akamsubiri pale kwenye mstari akamkumbatia, na Boit alipopata mtoto akampa jina la Dæhlie. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, akashindana ski za mteremko Pyeongchang 2018 na bendera ya Kenya. Kijana wangu akauliza, na Tanzania? Tanzania bado hatujawahi kupeleka mtu Olimpiki ya baridi. Akakaa kimya anatafuna. Mke wangu akaniangalia, nami nikamwangalia.

Alasiri mama, binti na rafiki wa Bukavu walipanda treni ya meno kushuka hadi Brandegg, sisi wengine tukashuka kwa ski kukutana nao. Ni pisti, yaani njia za ski, za bluu na nyekundu zinapita chini ya ukuta wa Eiger, halafu Alpiglen, halafu unaingia kati ya miti. Bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya waliobobea, na kanuni kubwa ambayo kila mtu lazima aijue ni kwamba aliye mbele yako chini ndo mwenye haki, wewe wa juu ndo unamwona, yeye hana macho kisogoni. Na nje ya vigingi usitoke, hata theluji ikikuita, maporomoko hayana huruma. Tulipofika Alpiglen helikopta nyekundu ya Rega ikapita juu yetu, ndo waokoaji wa huku, namba yao 1414 naiweka kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani. Mke wangu aliongoza, kijana nyuma yake, mi nikafunga msafara, baridi ya alasiri imeshaanza kukaza theluji inakwaruza chini ya ski, na kwa kweli ile dakika upepo unakupiga usoni na watu wako wote unawaona mbele wanachora mistari, hakuna mahali pengine ningetaka kuwa.

Brandegg tukawakuta wameshaagiza. Pale wanajulikana kwa vipande vya tufaha vilivyochovywa kwenye rojo la unga vikakaangwa, juu sukari na mdalasini, unachovya kwenye mchuzi wa vanila. Mama alishauliza mapishi. Mhudumu akaja akamweleza kwa Kiingereza na mikono, mama akajibu kwa Kiswahili na mikono, na walielewana.

Kwenye treni ya kurudi mama akapiga video kwa dada yake Marangu, spika iko wazi behewa zima linasikia, na wala hakuanza na theluji, alianza na tufaha, jinsi ya kukata, mafuta yawe ya moto kiasi gani, na kwamba ndizi mbivu nazo zitafaa. Mama mkubwa akauliza, na hizo mbao umepanda? Binti akanyang'anya simu akasema mimi nimepanda, bibi, na Machi narudi. Akaeleza pizza na pommes zote mbili hadi mtandao ukakatika kwenye handaki, na mtandao uliporudi akaanzia pale pale alipoachia.