Siku yangu kwenye dirisha la dawa, Unguja: wiki 12 au 24?

Saa 11 alfajiri. Nasali, nabandika chai, namwamsha wa skuli, natoka. Gari ya Fuoni asubuhi hainenwi.

Saa 1 asubuhi. Dirisha la methadoni, dawa ya kunywa ya wanaoacha unga. Mtaani kwetu wanasema mimi nauguza mateja, wengine wanasema nagawa unga wa serikali. Wacha waseme. Kila mmoja anakunywa kikombe chake mbele yangu, anasukumia na maji, kisha lazima atamke neno nisikie, nijue kameza. Wengi husema “Alhamdulillahi”. Yuko kijana mmoja ambaye kila siku hunitajia matokeo ya Simba na Yanga, hata kama hazikucheza.

Saa 4. Hapa sasa ndiyo kazi ambayo watu hawaijui. Waliowahi kujidunga kwa sindano za kupokezana wengi wamebaki na homa ya ini C. Ya B ina chanjo. Ya C haina mpaka leo, na kirusi chenyewe kilitambuliwa 1989. Lakini ina dawa. Sofosbuviri na daklatasviri, mara moja kwa siku, wiki 12, na zaidi ya 95 katika 100 wanapona kabisa. Asiyekuwa na kovu kubwa kwenye ini anamaliza chupa tatu za vidonge 28 na tunaachana kwa salama. Mwenye sirosisi, yaani kovu lililoenea ini zima, kwa dawa hizi mbili huenda wiki 24.

Mgonjwa wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu alikuwa Ami.

Si ami yangu wa damu. Ni mzee wa Kojani anayeishi mjini, mvuvi, aliyeacha unga miaka mingi nyuma. Yuko wiki ya 10. Kaja na mkewe, kavaa kanzu safi, karatasi mkononi.

“Mwanangu, nshapona. Nipe ruhusa niende zangu dago.”

Dago ndiyo kambi ya wavuvi. Karatasi ilikuwa ya kipimo cha wingi wa virusi: havionekani. Na kweli, havionekani. Tatizo ni kwamba kwa dawa hizi virusi hupotea kwenye damu mapema, wengi kabla hata chupa ya pili haijesha, na bado tunaendelea. Kupona kunahesabiwa kwa kipimo kinachochukuliwa wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Nikamweleza. Akaniuliza, sasa kama havionekani, mnavitibu vipi? Nikamweleza tena. Nikamtajia kalafati, kwamba chombo hakishushwi majini kabla fundi hajamaliza kukitia. Akanijibu chombo chake cha faiba.

Ningeweza kumaliza hapo, mzee akanuna, akaenda na wiki zake mbili zilizobaki. Lakini mezani kwa daktari kulikuwa na jambo jengine. Karatasi ya damu ya siku ya kwanza, ile iliyosemwa kuwa haikurudi kutoka maabara, ilikutwa asubuhi hiyo ndani ya faili la mtu mwengine mwenye jina kama lake. Visiwa hivi majina ni yale yale: Juma Hamad, Hamad Juma, Juma Hamad Juma. Mimi huandika na jina la babu na la kijiji, si wote wanaofanya hivyo. Bila karatasi ile, mzee alianzishwa kama mtu asiyekuwa na kovu.

Daktari akaniita nipige hesabu kwa simu. AST yake, kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia, 96, kikomo cha maabara 40, kwa hiyo 2.4. Zidisha kwa 100, gawa kwa chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, 98. Jibu linapita 2, na likipita 2 sirosisi inashukiwa sana. Picha ya altrasaundi nayo imeonesha ini lenye matuta. Tumbo halina maji, macho hayana manjano, akili iko sawa. Ini bado linafanya kazi yake. Lakini kovu lipo.

Daktari wetu alisoma enzi za sindano za intaferoni, kila wiki, wiki 48, homa na huzuni juu. Wakati ule kasi ya virusi kupungua ndiyo iliyoamua: visipopungua mara 100 kufika wiki ya 12, tiba inasimamishwa, vikichelewa kuisha, wengine waliongezwa hadi wiki 72. Siku hizi anayeamua zaidi ni ini lenyewe. Kwa hiyo karatasi nzuri ya Ami haikuwa na nguvu. Tungejua mapema, ribavirini, dawa ya kuongezea, ingefikiriwa pamoja na muda mfupi, ingawa inashusha damu na mzee damu yake si nyingi. Wiki ya 10 hii, daktari akasema 24.

Anayekwenda kumwambia ni mimi.

Mtu kaja kuomba apunguziwe wiki 2, unamwongeza 12. Sitaandika yote aliyosema. Alisimama, akakaa, akasema spitali inatafuta wa kumjaribia dawa. Adhana ya adhuhuri ikapita. Foleni nje inagonga meza. Mimi sijanywa hata maji. Nimeshasema “Ami, nisikilize” mpaka neno limekwisha ladha.

Mkewe ndiye aliyefungua mlango. “Mwambie kweli. Haogopi vidonge. Anaogopa wenzake wa dago.”

Kumbe. Dago mnalala pamoja, mnakula sinia moja. Ukitoa kopo la dawa kila usiku watasema una UKIMWI, na nahodha msimu ujao hakuchukui. Ami akaniomba nibandue karatasi ya chupa. Nikakataa, ile ina jina la dawa na tarehe ya kuisha. Tukakubaliana chupa izungushiwe kitambaa, iingie kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na akiulizwa aseme dawa ya ini, ambayo ni kweli.

Kisha stoo. Mwenye funguo kaenda kusali, kisha kaenda kula, kisha simu haipokelewi. Nilipompata jua limeshageukia baharini. Chupa mbili zipo, nyengine zimeagizwa. Nikafuta 12 kwenye daftari, nikaandika 24, nikatia saini, daktari akatia yake.

Mengine ya mchana ule siyakumbuki vizuri. Nilikula urojo nimesimama.

Usiku nimeshalala nusu, simu inalia. Ami.

“Mwanangu, kidonge hichi na pweza vinapatana?”

“Vinapatana, Ami. Ule usile, kidonge kimeze.”

“Na wa nazi?”