Chaneli ya nne iliyokuwa ikikatika

Niliongeza jedwali la nota kwenye programu yangu ya SPC700, kichakataji cha sauti cha Super Nintendo, na papo hapo chaneli ya nne ikaanza kunyamaza na kurudi, kunyamaza na kurudi. Nililikagua jedwali baiti kwa baiti, lilikuwa safi. Ila lilikuwa limevisukuma mbele vigeu vyangu, yaani thamani zinazobadilika kwenye kumbukumbu, kutoka anwani $1E10 hadi $2010 (alama ya $ ni namba ya msingi wa 16).

Nikafungua programu iliyokwisha kuundwa, nikaitafuta NOT1, amri inayogeuza biti moja. Niliiandika igeuze biti ya 2 ya kigeu kilichohamia $2010. Zamani ilitoka kama baiti EA 10 5E, ambapo EA ni NOT1 yenyewe. Sasa ilisomeka EA 10 60. Nikachukua kalamu. Baiti ya chini hutangulia, kwa hiyo baiti mbili za mwisho ni $6010, yaani 0110 0000 0001 0000. NOT1, pamoja na MOV1, AND1, OR1 na EOR1, hubana vitu viwili humo: biti 13 za chini ni anwani, 3 za juu ni namba ya biti. Biti 13 zinakomea $1FFF. $2010 imezidi kwa biti moja, na biti hiyo ikamwagikia kwenye namba ya biti: 010 ikawa 011.

Basi kilichokuwa kikigeuzwa ni biti ya 3 ya $0010, na hapo ndipo nilipoweka ruhusa za chaneli, biti moja kwa kila chaneli kuanzia 0. Asembla, programu inayogeuza amri kuwa baiti, haikutoa hata onyo. Hilo liliniudhi kweli. Anwani isiyoenea ni ya kukataliwa palepale.

Kwa vigeu vilivyolazimika kubaki juu nilitumia TSET1 na TCLR1. Hizo hupokea anwani kamili ya biti 16, na biti unazozitaka unaziweka kwenye rejista A, nafasi ya kazi ndani ya kichakataji. Huwasha au kuzima tu, hazigeuzi. SET1 na CLR1 ni nyepesi zaidi, baiti 2 na mizunguko 4, lakini hufika ukurasa mmoja tu wa baiti 256, $00 au $01 kutegemea bendera P, biti ya hali ya kichakataji. Tena zisiguse $F1, rejista inayowasha na kuzima taima: husoma kwanza ndipo ziandike, na $F1 husomeka sifuri, kwa hiyo ukiwasha taima moja unazima nyingine.

Kigeu cha NOT1 nilikihamishia $0030. Amri ikatoka EA 30 40, na chaneli ya nne ikalia bila kukatika hadi mwisho wa wimbo.