Kitanda kwa kibla: ninavyomhudumia mzee asiyeweza kujigeuza

Nikiingia nyumba yenye mzee wa kitandani hapa Wete, Pemba, kwanza naangalia kitanda kimeelekea wapi. Kwetu kibla ni kaskazini, kwa hivyo naweka kichwa mashariki. Akilazwa ubavu wa kulia, uso unaelekea kibla, anasali hapo hapo bila kusumbuliwa. Mzee aliyenyimwa sala yake huvunjika moyo, hata chakula hukikataa.

Watu wengi humgeuza mzee kwa nyakati za sala. Ni vizuri, maana hakuna anayezisahau, lakini hazitoshi. Adhuhuri mpaka alasiri ni zaidi ya saa tatu. Isha mpaka alfajiri ndiyo usiseme! Ngozi iliyobanwa baina ya mfupa na godoro haipiti damu, na vidonda huanzia hapo. Mimi nageuza kila saa mbili: kulia, chali, kushoto. Sala ikishakwisha namrudisha nyuma mpaka abaki ameinuka nyuzi 30 hivi tu kutoka kulala chali, mto mgongoni, ili asilalie mfupa wa nyonga. Mto mwengine baina ya magoti, mwengine chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee.

Simburuti. Khanga iliyokunjwa mara mbili inakaa chini yake toka mabegani mpaka mapajani; watu wawili wanaishika huku na huku, wanamnyanyua. Na kabla ya kumgusa namwambia, “Bibi, nakugeuza kulia, niwie radhi.” Hata asiyejibu, naamini anasikia.

Kitanda cha kamba kikilegea, uzito wote unaangukia matakoni; kaza kamba. Nailoni chini ya shuka inatia jasho, na ngozi iliyorowa huchubuka upesi, hasa wakati wa kaskazi.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sawasawa. Napitisha mgongo wa kiganja matakoni, nyongani, visiginoni, nikitafuta joto, ugumu au weusi uliozidi. Nikipata, mzee hapalalii tena pahala hapo. Wengi hupakanda kwa mafuta ya nazi wakidhani damu itatembea. Kukanda kunazidi kuumiza nyama ya ndani.

Ngozi ikishafunguka, naosha kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Spiriti sitii. Kidonda kikiwa cheusi, kikinuka, au mzee akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.