Soketi ya Chumba Namba Tatu

Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Mikindani, nje kidogo ya Mtwara mjini, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ina vyumba sita na ukumbi mmoja wa chakula, na kwa muda mrefu sikuwahi kufikiri kwamba plagi ni jambo la kumuumiza mtu kichwa. Siku niliyoanza kufikiri ni siku mhudumu wangu alipokuja jikoni kuniambia kwamba chumba namba tatu kinanuka plastiki iliyoungua. Nilikuta soketi ya ukutani imebadilika rangi kuzunguka matundu mawili ya chini, plagi nyeusi nene ya mviringo imenasa humo ndani, na katika tundu la juu pamechomekwa kofia ya kalamu. Plagi ilikuwa ya jagi la kuchemshia maji, mali ya mgeni Mjerumani. Aliyemfundisha hila ya kofia ya kalamu ni mhudumu wangu, na aliyemfundisha mhudumu wangu ni mimi.

Nadhani hakuna nyumba huku kwetu isiyoijua hila hiyo. Mtu ana chaja ya pini mbili za mviringo, soketi inakataa, basi anachukua kijiti au bisibisi, anakandamiza tundu la juu, na matundu mawili ya chini yanafunguka. Nilikuwa nikidhani kwamba ugumu ule ni kasoro ya soketi za bei rahisi. Fundi niliyemwita kutoka Chikongola, mzee aliyefunga umeme katika majumba mengi ya mji huu, alicheka kidogo, kisha akanieleza kwamba ugumu huo umewekwa kwa makusudi.

“Mama, hapo ndani kuna vifuniko viwili vidogo,” alisema. “Pini ya juu imefanywa ndefu kuliko wenzake ili itangulie kuingia, ivisukume vifuniko, ndipo za chini zipate njia. Mtoto akichokoa tundu la chini kwa msumari, haufiki kwenye umeme. Ukitia kalamu juu, umemfungulia mtoto mlango.”

Baadaye nilisoma habari za soketi hizi na nikaona kwamba mzee hakukosea. Plagi yetu ya pini tatu za bapa ni ya kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947. Ilibuniwa wakati Waingereza walipokuwa wakijiandaa kujenga upya nyumba baada ya vita, na katika kamati iliyopendekeza utaratibu huo alikuwamo mwanamke mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, aliyesisitiza sana usalama wa watoto. Shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo wakachagua kuzungusha waya mmoja wa mduara unaolisha soketi nyingi kwa pamoja. Waya huo unaweza kubeba ampea 30 hivi (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita), kiasi ambacho kingeunguza waya mwembamba wa taa au redio kabla swichi kuu haijashtuka. Ndiyo maana kila plagi ikapewa fyuzi yake ndani: kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya unaotoka kwenye plagi hadi kwenye chombo, wala si kumlinda mtu, kama nilivyokuwa nikiamini.

Sasa iangalie ile plagi ya Mjerumani. Haina fyuzi, kwa sababu kwao kila mkondo wa soketi unalindwa kwenye ubao wa swichi. Imetengenezwa kwa ampea 16, pini zake zina unene wa milimita 4.8, na waya wake wa ardhini, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja na ambao mafundi wetu huuita ethi, haupiti kwenye pini kabisa bali kwenye vibati viwili vilivyo ubavuni mwa plagi. Soketi ya kwao ina shimo la mviringo lenye vibati vya kukutana na hivyo. Ukiilazimisha kwenye soketi yetu, vibati vinabaki vinagusa hewa, na jagi la bati lililojaa maji linakuwa halina ethi. Zaidi ya hapo, pini nene hutanua masikio ya shaba yaliyo ndani ya soketi, na plagi ya kawaida ikija kuchomekwa kesho yake inakaa kwa kulegea, inapata moto, na siku moja plastiki inaanza kunuka. Soketi ya chumba namba tatu ilikuwa imekwisha kutanuliwa na wageni wengi kabla ya huyo. Yeye alikuja na jagi la nguvu kubwa, likamaliza kazi. Chaja ndogo za simu za Ulaya zina pini nyembamba za milimita 4 na zimewekewa kikomo cha ampea 2.5, kwa hiyo madhara yake ni madogo, lakini hila ya kuziingiza ni ile ile.

Fundi alipomaliza soketi hiyo aliomba ruhusa ya kufungua nyingine zote. Nilidhani anatafuta kazi ya ziada, na kwa kweli nilinuna. Katika chumba namba tano tulikuta soketi ya kisasa, nyeupe, nzuri kwa macho, ambayo nyuma yake waya wa kijani, yaani wa ethi, ulikatwa na kuachwa ukielea. Katika chumba cha marehemu baba zilikuwapo bado soketi mbili za zamani zenye matundu matatu ya mviringo, moja ya ampea 5 na nyingine kubwa ya ampea 15. Hizo nazo asili yake ni Uingereza, ila ni za kiwango kilichotangulia, BS 546. Waingereza wenyewe walikwisha kuziacha majumbani mwao, lakini India wanatumia aina hizo mpaka leo, na ile kubwa ndiyo iliyotawala Afrika Kusini.

Hiyo kubwa ndiyo iliyomkutanisha fundi na shemeji yangu. Sisi huku tuna ndugu pande zote mbili za mto Ruvuma, na shemeji alikuwa amenunua friza upande wa Msumbiji, akaivusha kwa taabu, ikafika kwangu na plagi nene ya pini tatu za mviringo. Aliiona soketi ya baba, akafurahi.

“Shemeji, si unaona? Mzee alituwekea kabisa, inaingia kama imepimwa.”

Iliingia kweli. Fundi hakuikubali, kwa kuwa soketi ile ilikuwa kuukuu na vifuniko vya ndani hakuna. Alisoma kibandiko cha nyuma ya friza, akaona volti 220 na hezi 50, akasema chombo hakina tatizo na umeme wetu wa volti 230. Kisha akaikata ile plagi na kufunga ya pini za bapa: waya wa kahawia kwenye upande wenye fyuzi, wa bluu kwenye upande wa kushoto, wa kijani chenye mstari wa njano juu. Waya wa ethi aliuacha mrefu kidogo kuliko mingine, ili ikitokea mtu akauvuta kwa nguvu, uwe wa mwisho kuchomoka. Friza hiyo inafanya kazi hadi leo, na samaki wa wageni wangu wanakaa humo.

Kwa hiyo nikaanza kujiona mjuzi. Nilinunua adapta za aina nyingi, nikaziweka kwenye kisanduku pale mapokezi, na nikaamini kwamba kikiingia, basi kinafaa. Mgeni mmoja kutoka Marekani, binti aliyekuja kujitolea, aliniomba adapta kwa ajili ya draya yake ya nywele yenye pini mbili za bapa zilizosimama sambamba. Nikampa. Haikumaliza dakika moja. Ililia kwa sauti kali, ikatoa harufu, ikafa mikononi mwake. Umeme wa kwao ni volti 120, nasi tunatumia 230, yaani karibu mara mbili, na katika chombo cha kupasha joto volti zikizidi mara mbili joto halizidi mara mbili bali mara nne. Adapta hubadilisha umbo la pini tu, haigusi umeme unaopita. Nilimlipa fidia, japokuwa alisema si lazima.

Tangu siku hiyo sitoi adapta kabla ya kusoma kibandiko cha chombo, na maneno ninayotafuta ni machache sana. Kikiandikwa volti 100–240 na hezi 50/60, kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta, chombo kinakula umeme wa nchi yoyote na shida iliyobaki ni ya pini peke yake. Kikiandikwa 110 au 120, ni cha Marekani au nchi za mfumo huo, nacho hakiingii ukutani kwangu. Kikiandikwa 100 tupu, ni cha Japani. Nasema hivyo kwa sababu jirani yangu aliunguza jiko la wali la mtumba lililotoka huko, jipya kabisa kwa kulitazama. Wageni Wachina, ambao tuliwapata wengi wakati wa ujenzi wa bomba la gesi, hawakunipa shida ya volti kwa kuwa kwao ni 220, ila plagi zao zina pini mbili za bapa zilizoinama kama paa la nyumba na ya tatu iliyosimama wima, na adapta nyingi za dukani huimeza hiyo ya tatu bila kuiunganisha na chochote. Kwa upande mwingine, vyombo anavyonitumia dada yangu kutoka Maskati vinaingia moja kwa moja, maana Oman wanatumia plagi kama yetu.

Adapta za kumeza kila plagi, zile zenye matundu yaliyopindapinda ya kupokea dunia nzima, nilizitupa zote. Nimebakiza za aina maalumu: ya Kijerumani yenye vibati vya ethi na fyuzi ndani yake, ya Kichina yenye pini tatu za kweli, na nyingine chache. Tulibadilisha soketi zote sita za vyumbani pamoja na hizo za baba. Fundi alipigilia nondo mpya ya ethi karibu na bafu la nje, kwa maelezo kwamba mchanga wetu wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri, na pale maji hayakosi. Kwenye ubao wa swichi aliongeza swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Ndiyo iliyonigharimu kuliko vyote, na imekwisha kukata mara mbili, mara zote kwa sababu ya pasi ile ile, ambayo sasa haipo. Fyuzi nazo tulizipitia: taa za mezani zilikuwa na ya ampea 13 kama plagi zinavyouzwa, tukaweka za ampea 3.

Mwaka jana alifika mgeni kutoka Afrika Kusini, na nilikuwa nimemwandalia adapta ya zile pini nene za mviringo. Akatoa plagi ndogo bapa yenye pini tatu nyembamba za mviringo ambayo sikuwahi kuiona, ya kompyuta yake. Alinieleza kwamba ndicho kiwango kipya cha kwao, na nilipofuatilia nikakuta kwamba kimetokana na plagi iliyopendekezwa na tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme mwaka 1986 ili itumike duniani kote. Waliokuja kuichukua ni Brazil na Afrika Kusini. Plagi iliyokusudiwa kwa ajili ya watu wote ndiyo pekee ambayo kisanduku changu hakikuwa na tundu lake.

Nilitaka kumtuma kijana mjini. Mgeni akanionyesha kwamba waya wake unachomoka upande wa pili, pale unapoingia kwenye chaja, na kwamba mdomo ule wenye matundu matatu hutumiwa na chaja nyingi za kompyuta katika nchi zote. Nikachomoa waya wa kompyuta yangu ya mapokezi, wenye plagi yetu ya bapa na fyuzi yake, ukaingia bila adapta yoyote. Siku hizi nyaya za namna hiyo ninazo nne, zimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na mgeni wa kompyuta ninampa waya kwanza kabla ya kufungua kisanduku.