Vitabu 3,000 vya Samuel Pepys: wosia ulioandikwa na mtu anayeijua koleji yake

Watu wengi wakishafanikiwa hukikumbuka chuo kilichowalea, wakapeleka maboksi ya vitabu. Ukienda kuviulizia baada ya miaka kumi, vingine vimechanganywa na vya watu wengine, vingine vimeliwa na mchwa, na vilivyo vizuri zaidi havionekani. Aliyetoa alitoa kwa moyo safi, ila hakuweka utaratibu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Samuel Pepys, Mwingereza wa karne ya 17, aliweka utaratibu, tena mkali. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa London, akaingia koleji ya Magdalene, Cambridge, mwaka 1651, akahitimu mwaka 1654. Koleji za Cambridge ni za bweni: mwanafunzi analala humo, anakula humo, na akishapokelewa ni mtu wa koleji hiyo hadi kufa. (Wasomaji wa Uganda huenda wanaijua Magdalene kwa sababu ya Kabaka Mutesa II, aliyesoma hapo miaka ya 1940.) Pepys hakuwa mwanafunzi mtulivu, Oktoba 1653 alikaripiwa rasmi kwa ulevi. Lakini mapenzi hayakukatika. Mei 1668, akiwa tayari mkubwa katika ofisi ya jeshi la majini, alipita Cambridge, akaingia stoo ya vinywaji ya koleji kama mgeni asiyejulikana, akanywa bia yao mpaka akatosheka. Aliandika kuwa hajawahi kunywa bia nzuri kuliko ile.

Alipofariki Mei 1703 hakuwa na mtoto. Vitabu vyake aliviacha kwanza mikononi mwa mpwa wake, John Jackson, avitumie maisha yake yote, na baada ya hapo viende chuo kikuu. Masharti yake yalipangwa kwa ngazi: Cambridge kuliko Oxford; koleji kuliko maktaba kuu ya chuo; na kati ya koleji, Trinity au Magdalene. Kati ya hizo mbili akaipendelea Magdalene, kwa kuwa yeye na mpwa wake walisoma hapo. Alitaja hata jengo: vikienda Magdalene, viwekwe kwenye jengo jipya. Jackson alifariki mwaka 1723, na mwaka uliofuata vitabu vikahamia Magdalene.

Kinachonivutia hasa ni jinsi mkusanyo wenyewe ulivyopangwa. Vitabu ni 3,000, na Pepys hakutaka vizidi hapo. Vimepewa namba kwa kimo: namba 1 ndicho kidogo kuliko vyote, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kitabu kinavyorefuka. Makabati ni 12, ya mbao ya mwaloni, yenye milango ya vioo. Ya kwanza yalitengenezwa mwaka 1666 na seremala wa karakana za meli. Ndani ya rafu vitabu vimesimama safu mbili, vifupi mbele na virefu nyuma, ili migongo yote isomeke. Kitabu kilichopungua kimo kidogo kuliko jirani yake kimewekewa chini kipande cha mbao kilichopambwa kufanana na mgongo wake, safu ikawa sawa juu. Mtu anaweza kuona ni urembo tu. Mimi naona ni ulinzi: kwenye safu iliyonyooka hivyo, kitabu kimoja kikitoka, pengo linaonekana toka mlangoni.

Halafu masharti ya matumizi. Mkusanyo ubaki mzima, kisiongezwe kitabu wala kisipunguzwe, na visichanganywe na vitabu vingine vyovyote. Mwenye ruhusa ya kutoa kitabu ni mkuu wa koleji peke yake, nacho kiende kwenye nyumba yake tu iliyo ndani ya koleji, visizidi 10 kwa mara moja.

Watu wa pwani watasema hii ni wakfu, na kweli inafanana nayo. Tunajua pia wakfu hufia wapi: msimamizi asiposimamiwa na mtu. Hapo ndipo Pepys aliponishangaza. Aliipa koleji ya Trinity haki ya kuja kukagua kila mwaka, na akaandika kwamba Magdalene wakivunja masharti, mkusanyo wote unakuwa wa Trinity. Mkaguzi ndiye mrithi wa pili! Hahitaji kulipwa wala kubembelezwa.

Kwa hiyo, ukitaka kuipa Makerere au shule yako ya sekondari vitabu, fanya hivi: vihesabu na uvipe namba kabla havijatoka nyumbani, andika orodha nakala tatu, moja ya chuo, moja yako, moja ya taasisi nyingine, taja chumba, na taasisi hiyo ya tatu ipewe haki ya kuvichukua vikitelekezwa. Sharti la "kisiongezwe wala kisipunguzwe" sikushauri kwa vitabu vya kiada, maana hupitwa na wakati na kujaza rafu bure. Hilo liache kwa vitabu adimu na miswada.

Maana kwenye miswada lilifanya kazi kubwa. Kati ya vile 3,000 kulikuwa na majuzuu sita ya shajara ya Pepys mwenyewe, ya kuanzia 1660 hadi 1669, yameandikwa kwa hatimkato, yaani alama za kuandikia haraka. Kwa karibu miaka 100 yalikaa rafuni, na hakuna aliyeweza kuyatupa kwa kisingizio kwamba hayasomeki. Mwaka 1819 kijana aitwaye John Smith alipewa kazi ya kuyafumbua, akayamaliza mwaka 1822, akikisia alama moja baada ya nyingine. Kitabu cha kufundishia hatimkato hiyo, cha Thomas Shelton, kilikuwa muda wote huo ndani ya maktaba ileile, na yeye hakujua.