Kumbukumbu ya mradi: mwongozo wa kufunga sola ya wati 50

Mwongozo ni wa mtu ambaye hajawahi kugusa kazi ya umeme: paneli ya wati 50, betri ya volti 12, chaji kontrola ya ampea 10 (kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli, betri na taa) na taa mbili za LED. Orodha ya vifaa imekamilika. Sasa ni zamu ya nyaya.

Sentensi ya rasimu, "Unganisha betri, paneli na taa kwenye kontrola", imefutwa, kwa kuwa haisemi kipi kinatangulia. Kila tendo limepewa namba yake: betri kwanza, kisha paneli, taa mwisho. Sababu imewekwa papo hapo: kontrola nyingi husoma volti za betri ili zijue mfumo ni wa 12 au 24, na baadhi huungua zikipewa paneli bila betri. Anayejua sababu haruki hatua. Kufungua ni kinyume chake.

Onyo la fyuzi limepanda juu ya hatua yake, maana onyo linalosomwa baada ya cheche halina kazi. Kishikio cha fyuzi kinafungwa kwenye waya wa chanya karibu na betri, kikiwa kitupu. Fyuzi ya ampea 10 inaingia nyaya zote mbili za betri zikishakazwa.

"Menya kidogo" imekuwa "menya milimita 8". Ukizidisha, nyuzi za shaba hubaki nje na kugusana na za jirani: shoti. Ukipunguza, skrubu hubana plastiki na taa huwaka na kuzima. "Kaza vizuri" nayo imekuwa "kaza, kisha vuta waya kwa vidole, ukichomoka, rudia."

Kipimo ndicho kilichohitaji maneno mengi kuliko vyote. Kwa betri, mita ya umeme iwekwe DC 20 (hupima hadi volti 20), isome kati ya 12 na 12.8. Ikionyesha alama ya kutoa, ncha zimepishana, kwa hiyo simama hapo. Kwa paneli ihamishwe DC 200. Juani, paneli isiyounganishwa hutoa volti kama 21, na mita nyingi za bei nafuu zikiachwa kwenye 20 huandika "1" tu. Mgeni wa kazi ataisoma kuwa volti moja, aanze kulaumu paneli nzima.

Jina limebaki moja, "kontrola", bila "regyuleta" wala "kile kifaa".

Bado picha za terminali (sehemu za kuunganishia nyaya), zipigwe kutoka upande wa fundi. Kisha majaribio: msomaji afunge peke yake, asijibiwe swali, na kila anaposita paandikwe.