Siku moja na lami kwenye baridi ya Kabale

Saa 11 alfajiri

Kipimajoto nilichotundika nje ya dirisha kinasoma nyuzi 11. Mji wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, uko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mimi ni Mnubi wa Bombo, kule kwenye joto. Huu mwaka wa tatu na bado baridi hii haijanizoea. Naswali, navaa sweta mbili, kisha simu ya kwanza ya siku naipiga kwenye mtambo wa lami. "Msipakie bado. Nitawaambia." Kutoka mtamboni hadi hapa ni mwendo wa saa moja na robo, na lami ikishaingia kwenye lori hakuna wa kuisimamisha isipoe.

Saa 1 asubuhi

Ukungu umelala bondeni, milima haionekani hata mmoja. Kazi ya leo ni maegesho ya hoteli, mita za mraba 600. Vijana wamezunguka jiko la mkaa wakinywa obushera, uji wa mtama, ya moto. Mwendesha peva, mashine ya kutandaza lami, ametoka Arua, dereva wa rola ametoka Busia na wote tunamwita Mjomba, wa reki na beleshi ni Wakiga wa hapahapa. Kiswahili ndicho kinachotuweka pamoja.

Mwenye hoteli ananingoja getini, mikono kwapani. "Mama, vijana wamekaa bure na mashine ziko hapa. Jumamosi nina harusi."

Namwelewa, harusi haisogezwi. Nikainama nikaweka kipimajoto chini, tukasoma pamoja: nyuzi 12.

"Mzee wangu, unachonunua kwangu ni joto," nikamwambia. Lami ni kokoto, mchanga na bitumini, ile gundi nyeusi, vilivyopikwa pamoja hadi nyuzi 160 hivi. Ikiwa moto, mawe yanateleza chini ya rola na kila moja linapata pa kukaa. Ikishuka chini ya 80 imeshashika, na hapo hata rola lipite mpaka Jumamosi, matundu yaliyobaki ndani yamebaki. Tabaka letu ni la sentimita 5 tu. Ukilimwaga juu ya ardhi ya nyuzi 12, na upepo huu wa bondeni, unalinyang'anya joto chini na juu kwa pamoja.

Matundu hayo ndiyo mlango wa maji. Katika nchi za theluji kama Kanada, maji yakiingia humo yanaganda, na yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, yanaipasua lami kutoka ndani. Ndiyo maana mafundi wengi wa huko hufunga kazi majira ya baridi yakikaza. Sisi barafu yetu iko Rwenzori. Lakini maji ya Kabale hayana haja ya kuganda: kila gari likipita, tairi linayasukuma ndani ya matundu, yanamenya bitumini kwenye jiwe kidogo kidogo, na siku moja unaamka kuna shimo. Nimeziba mashimo ya namna hiyo mengi, na karibu kila mara mwenyewe ananiambia fundi wa kwanza alikuwa na haraka.

Mzee akanyamaza, kisha akaagiza vijana waongezewe obushera.

Saa 2:30

Jua linatoboa ukungu. Nampigia mtu wa mtambo: pakieni, lori la kwanza, turubai lifungwe pande zote.

Kokoto za chini tulizishindilia wiki iliyopita na kuzinyunyizia lami nyepesi juzi, zimekauka vizuri. Leo kinachobaki ni lami ya kunatisha, kwenye ukingo wa zege na kwenye kipande cha lami ya zamani getini. Hii kazi naipenda kuitazama. Inatoka kwenye bomba ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, majimaji kabisa. Unasubiri. Maji yanapoachana na bitumini, weusi unaanza pembeni, unatambaa kuelekea katikati, mpaka kahawia yote imeisha. Kwenye joto la Jinja inachukua dakika chache. Hapa leo imechukua karibu saa nzima, na kijana mgeni alitaka kukanyaga mara mbili. Ikiwa bado kahawia, usiiguse. Tabaka la juu litakuwa limekaa juu ya maji.

Saa 4 kasoro dakika 10

Lori la kwanza. Napanda, natoboa katikati ya shehena na kipimajoto cha sindano: 149. Ardhi nayo imefika 18. Twende.

Kuanzia hapo hakuna maongezi. Lori linarudi nyuma polepole mpaka magurudumu yaguse peva, peva inalisukuma, na lami inatoka nyuma kama zulia, ikifuka. Tunaitandaza kwa unene wa zaidi kidogo ya sentimita 6 ili ikishashindiliwa ibaki 5. Mjomba na rola lake la chuma yuko mgongoni mwa peva, hatua chache tu nyuma, ngoma zikilowanishwa maji zisinase. Kwa baridi ya leo nampa dakika 15. Anajua. Hasimami juu ya lami ya moto, hakati kona ghafla, anarudi kwenye njia ileile aliyoendea. Rola la matairi linafuata kufunga uso.

Wa reki ndio ninaowakaba zaidi. Kijana akiona tundu kwenye ukingo anachota lami na beleshi na kuirusha kama anapanda mtama, na mawe makubwa yanajitenga na yale madogo. Nikamshika mkono, tukaiweka pamoja, taratibu, tukaisawazisha kwa mgongo wa reki. "Usiirushe, mwanangu. Ilaze." Na dizeli hakuna. Mmoja alikuwa na kopo la dizeli la kusafishia beleshi. Dizeli inaiyeyusha bitumini, tone likidondoka kwenye lami hapo patalainika. Tunatumia maji ya sabuni.

Lori la pili, 146. Tani 15 zinafunika kama mita za mraba 127, kwa hiyo kabla ya saa 6 tuna karibu nusu ya kiwanja.

Saa 7 kasoro robo

Lori la tatu limechelewa dakika 50. Dereva anasema njia ilizibwa na trela lililokwama kwenye kona. Turubai limechanika, robo ya shehena iko wazi. Napanda. Juu kumefanya ganda ambalo naligonga kwa kisigino na halibonyei. Nasukuma sindano mpaka mwisho: 121. Pembeni: 96.

Kikomo changu ni 130. Nikashuka nikasema hapana.

Mtu wa mtambo akapiga simu. Akasema pale katikati bado ni moto, tuchanganye, lami ni lami. Mwenye hoteli naye amesimama pembeni, anahesabu siku zake. Dereva hakusema neno, anatazama viatu. Nilimhurumia, trela si lake. Lakini yale mapande yaliyopoa yangepita kwenye peva na kuacha mabaka, na baada ya mwaka ningeweza kuja hapa na kidole nikaonyesha kila baka lilipo. Lori likageuka. Tumekula posho na maharage kwa ukimya.

Saa 9 kasoro

Lori la nne, 151, turubai mbili. La tano likafuata karibu sana, 147. Vijana wamefufuka. Mawingu yanajikusanya upande wa Ziwa Bunyonyi na Mjomba anayatazama kila akigeuza rola. Kwa kuwa shehena moja imerudi, kona ya mwisho, kama mita za mraba 90, itabaki ya kesho. Tukapima kamba, tukakata ukingo wa lami wima na kwa mstari mnyoofu, tukatupa ile sehemu iliyolegea. Kiungo kibaya ndipo nyufa huanzia, hasa sehemu za baridi.

Mjomba alimaliza mzunguko wa mwisho saa 10 kasoro dakika 10.

Saa 10:10

Mvua. Ya Kabale, ya ubaridi, inayokuja na upepo. Wote wamekimbilia kibarazani, mimi nimebaki nje na koti la mvua, kwa sababu hiki ndicho kipimo ambacho mashine haiwezi kunipa. Tuliweka mwinamo wa asilimia 2, sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mtaroni. Maji yanateremka kwa uso mmoja, mapana, hayajikusanyi. Kisha nikaliona: karibu na ukingo, pale tulipoilaza kwa mikono mimi na yule kijana, kuna dimbwi la ukubwa wa sahani, kina cha unene wa sarafu. Nikaweka jiwe pembeni yake.

Kijana alikuja akasimama kwenye mvua kando yangu. "Dada, ni pangu?"

"Ni petu. Kesho tutakata hapa, tutaparudia pamoja na ile kona."

Saa 12 jioni

Nimeagiza tani 12 za kesho: zipakiwe baada ya saa 2:30, zifike saa 4. Mwenye hoteli amepita mara tatu juu ya lami na viatu vyake vya ngozi, akasema magari hayataingia hadi nitakapomruhusu.

Nikiwa naosha buti, simu ikaita. Dereva wa lori la tatu. Anauliza kama kesho naye naweza kumpa safari. Amenunua turubai.

Nimempa.